Usiruke Sura ya Seli kwa Haraka ya Kuufikia Ubongo

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza: ukitaka kufaulu mfumo wa neva, ruka sura za seli, hayo ni mambo ya sekondari, nenda moja kwa moja kwenye ubongo. Umenikera. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba aliyeuandika anaonekana kuwatakia wenzake mema.

Ndugu zangu, hakuna neva bila utando wa seli, yaani ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Anayeingia kwenye baiolojia ya neva bila kuuelewa utando huo, kazi yake itakuwa kukariri. Atakariri kwamba ndani ya neva iliyotulia ni kama milivolti hasi 70, atakariri ule mchoro wa umeme wa neva wenye kilele kimoja kikali, ataumwaga kwenye mtihani, na muhula ukiisha hana kitu.

Na chanzo cha umeme huo wala si kigumu. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, kama milimoli 145 kwa lita. Ndani ni kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume: ndani karibu 140, nje 4 au 5. Kila moja huelekea kule iliko haba, ila utando unaizuia mpaka mlango wake wa protini ufunguke. Ni kama maji ya Bwawa la Mtera: nguvu ipo tayari kabla mtu hajagusa lango. Milango ya sodiamu ikifunguka, sodiamu inamiminika, ndani panakuwa chanya kwa muda mfupi mno, kisha potasiamu inatoka na hali inarudi. Huo ndio msukumo wa neva. Wanasayansi Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza mwaka 1952 kwa kupima neva nene ya ngisi, wakapewa Nobel mwaka 1963. Walichokuwa wakikifukuzia ni utando na chumvi iliyo pande zake mbili.

Ukishalielewa hilo, mengi yanafunguka. Watu wa pwani wanajua samaki bunju haliwi ovyo. Sumu yake inaziba milango ya sodiamu, amri hazifiki kwenye misuli ya kupumua, na mtu anaweza kufa huku akili yake bado iko timamu. Sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, lignokeini, inaziba milango ya aina hiyohiyo, ila kwa eneo dogo na kwa muda. Huhitaji kukariri mambo mawili hapo.

Nilimwuliza binti mmoja ninayemsaidia masomo, ambaye anataja sehemu za ubongo bila kusita, kwa nini mtoto anayeharisha akinyweshwa maji matupu mengi anaweza kupata degedege. Akanyamaza. Nikamwuliza kipande cha kiazi kikiwekwa kwenye maji matupu kinakuwaje. “Kinavimba, mwalimu. Maji yanaingia kwa osmosisi.” Basi ni hivyohivyo. Sodiamu ya damu ikishuka mno, maji yanaingia kwenye seli za ubongo, ubongo unavimba, na fuvu halitanuki. Ndiyo maana kwa anayeharisha tunasisitiza ORS, maji yenye chumvi na sukari. Jibu alikuwa nalo tangu sekondari, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba kile kiazi cha maabara kinahusu ubongo wa mtoto. Na bado zipo familia zinazoipeleka degedege kwa mganga kwanza, iwe imetokana na malaria au kitu kingine. Kijana huyu ndiye atakayekaa mbele ya familia hizo siku moja.

Mengine nayataja haraka. Jeni na utengenezaji wa protini: bila hayo, vipokezi, yaani protini zinazopokea ujumbe kwenye seli, vitabaki majina. Mitokondria, mitambo ya nishati ya seli: ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, na sehemu kubwa inaendesha pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Kemia ya chaji, kiasi cha kutosha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila sura ya baiolojia inahitajika. Usanisinuru unaweza kusubiri, na uainishaji wa mimea pia. Wapo hata waliotokea saikolojia wakafika mbali. Lakini ninaowafahamu walilazimika kurudi nyuma kuusoma utando, tena wakiwa na mitihani mbele yao.

Mdogo wangu unayeanza muhula huu, chukua karatasi tupu. Chora utando. Andika nini kimejaa nje, nini kimejaa ndani, kila kimoja kinaelekea wapi na pampu inasukuma nini upande upi. Kisha ziba mlango wa sodiamu, ueleze kwa maneno yako nini kitatokea. Ukikwama, mtafute mwalimu au mwenzako akuelekeze kabla ya kipindi cha kwanza cha neva, maana baada ya hapo masomo yanakwenda mbio.