Siku Niliyofagia Logi

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mama mhasibu alifungua mlango wa chumba cha seva bila kubisha. Ofisini kwetu Mwanga, hapa Kigoma, mtu akiingia kile chumba bila hodi ujue hajaja kuomba wino wa printa.

"Baba, imeili zimegoma."

Nikamwambia azime kompyuta, awashe tena. Akasema ameshazima, ameshawasha, na bosi naye ameshazima, ameshawasha, na sasa bosi anauliza mimi nimeajiriwa kufanya nini.

Tuna seva tatu za Exchange, programu ya imeili ya Microsoft, kwenye klasta moja, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja: mbili ziko hapa, ya tatu iko kwenye tawi la Tabora. Databesi ya imeili ni moja, GB 180, ila kila seva ina nakala yake. Seva moja inahudumia watu, mbili zinaifuata nyuma. Kila kinachoingia huandikwa kwanza kwenye logi, vifaili vya MB 1 kila kimoja, kisha vifaili hivyo hutumwa kwa wale wawili nao wavicheze upya kwao, yaani wayaandike yaleyale kwenye nakala zao. Seva moja ikifa, mbili zilizobaki ndio wengi, kura inatosha, kazi inaendelea kama hakuna msiba. Nilimweleza bosi hivyo siku ya kwanza, akafurahi, akaniagizia soda.

Ambalo sikumweleza, maana hata mimi nilikuwa nimelisoma juu juu, ni kwamba logi haziondoki zenyewe. Zinafutwa bekapu kamili ikimalizika, tena kwa sharti: kila nakala kwenye klasta iwe imeshazipokea na kuzicheza. Mmoja akiwa hajala, sufuria haioshwi. Bekapu yenyewe haitalalamika. Itamalizika vizuri saa nane usiku, itakuwekea alama ya kijani, na logi zitabaki palepale.

Sisi kwa siku tunaandika logi kama 4,000, yaani GB 4. Diski ya logi ni GB 60. Tabora ilikuwa imezimika siku 15. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaimaliza bila kushika vidole.

Lakini hayo nayajua leo. Asubuhi ile nilichoona ni diski L, ile ya logi, nyekundu, nafasi sifuri, na skrini imeganda. Exchange huweka pembeni vifaili viwili vya akiba, E00res00001.jrs na mdogo wake, makusudi ili diski ikijaa databesi ipate pa kuandikia maneno yake ya mwisho na kujifunga kwa heshima. Sikuisubiri iseme. Nilibonyeza kitufe cha seva nikahesabu hadi tano.

Ilipowaka, nikafungua folda. Vifaili karibu 60,000, vyote na majina kama E0000012A4F.log. Mimi kwa akili yangu logi ni kumbukumbu, kama daftari la wageni pale getini. Nani anasoma daftari la wageni la wiki iliyopita? Nikachagua vyote, nikashika Shift na Delete ili visipitie kwenye pipa la taka. Halafu nikahamia seva ya pili, nayo imejaa vilevile, nikafagia na huko, nisije nikaonekana nina upendeleo.

GB 60 wazi, kila upande. Nilijisikia kama nimefagia njia ya kupita Rais.

Databesi ikakataa kupanda, yaani kufunguka ianze kazi. Nikaendesha eseutil /mh, amri ya kupima hali ya databesi, kwenye faili lake, majibu yakaja: "Dirty Shutdown". Yaani imelala bila kuoga: imezimika kabla logi zake zote hazijaingia kwenye faili. Chini yake kuna mstari wa "Log Required", na hapo databesi ilikuwa inadai logi za mwisho kwa namba, moja moja, kama mwenye duka anavyokusomea daftari la mkopo mbele ya wakwe. Nakala ya pili ndiyo kabisa, kwa sababu nakala inayofuata siku zote iko katika hali hiyo. Yenyewe muda wote iko katikati ya kula.

Kama kuna fundi anayesoma hapa diski yake imejaa sasa hivi: usifute. Soma "Log Required" kwanza, kisha hamisha, narudia, hamisha, logi za zamani kuliko zile kwenda diski nyingine, hata GB 5 zinatosha databesi ipumue. Kama kuna nakala iliyokufa, itoe kwenye orodha ya klasta, endesha bekapu kamili, na logi zitajiondokea zenyewe. Kazi ndogo, bila kupiga hodi kwa bosi.

Mimi nikapiga simu Tabora.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Dagaa wapo huko?"

"Wapo mzee. Ile mashine nyeusi kwenye kabati, taa zake zinawaka?"

"Ile inayovuma? Hapana, ile tumeipumzisha. Tundu lake tumemwekea mama wa juisi, kafriji kake kadogo. Ile betri yenu nzuri sana, umeme ukikatika juisi haichachi."

"Tangu lini, mzee?"

"Aa, tangu embe zianze."

Nikamwomba airudishe mashine kwenye tundu lake. Akasema atasubiri juisi iishe, maana ni ya wateja. Nikakubali; nakala ya Tabora ilikuwa nyuma siku 15 na laini yetu ya huko ni Mbps 10. Kuijaza upya GB 180 kwa laini ile ni saa 40 bila kupumzika. Juisi iishe tu.

Kilichobaki ni bekapu ya saa nane usiku, kwenye diski ya nje. Barua za kati ya saa nane na saa tatu asubuhi zilikuwa zimeenda na fagio langu, ila muda huo Kigoma ni jogoo tu wanaoandikiana.

Safari hii nikaenda kwa adabu. Kwanza nikayabadili jina mafaili ya databesi mbovu bila kuyafuta, kisha nikalazimisha databesi ipande tupu, ili watu waanze kutuma na kupokea huku sanduku halina barua za zamani. Mama mhasibu alipoona sanduku lake jeupe alishika kifua. Nikamwambia ni la muda. "Hata mshahara wetu uliitwa wa muda," akasema.

Pili, mahali pa kurejeshea. Diski ya data ilikuwa na GB 90 wazi, nami nahitaji 180. Nikamfuata jirani yetu mpiga video za harusi, akanipa diski ya TB 2 kwa sharti kwamba nisiguse folda ya harusi ya Ujiji, maana bwana harusi hajamaliza kulipa. Bekapu ikaanza kumwagika humo kwa MB 30 kwa sekunde, kwa kuwa kwa haraka nilichomeka kwenye tundu la mbele, USB 2.0. Saa moja na dakika 40, bosi akipita kila robo saa kuuliza asilimia.

Ikafika. eseutil /mh, "Dirty Shutdown" tena, lakini hilo ni la kawaida kwa bekapu iliyochukuliwa databesi ikiwa inafanya kazi. Logi zake zimo pamoja nayo. Nikaendesha eseutil /r E00, ikazicheza, nikapima tena: "Clean Shutdown". Nilisimama nikazunguka kiti. Nikaipandisha kama databesi ya urejeshaji, ile ambayo watumiaji hawaioni, kazi yake ni kuchotwa barua na kumiminwa kwenye masanduku mapya.

Kanuni ya kurejesha ni kujaribu na sanduku moja kwanza, lisilo na hasara likiharibika. Nikachagua langu. Bosi akavuta kiti akakaa nyuma yangu, miwani puani, ashuhudie mwenyewe.

Folda zikaanza kurudi moja moja kwenye sanduku jeupe. Ya kwanza kutokea iliitwa "Baadaye", na pembeni yake namba nzito ya barua ambazo hazijasomwa: 14.

"Hiyo Baadaye ni nini?"

Ni skripti yangu mwenyewe, kiprogramu kidogo nilichokiandika. Kila saa kumi na mbili asubuhi inakagua klasta na kunitumia taarifa, na kwa vile taarifa za kila siku zinachosha, niliziwekea kanuni ziende zenyewe kwenye folda hiyo.

"Ni mambo ya kitaalamu tu, bosi."

Akanyoosha mkono, akashika mausi, akafungua ya kwanza, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma wosia: "Seva ya Tabora haijibu. Nafasi ya logi iliyobaki, GB 56."

Akashuka kwenye ya pili.