Jibu la HPV lisigeuzwe kesi ya ndoa

Mwanamke akitoka kliniki na karatasi inayosema ana HPV, virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, swali la kwanza analokutana nalo nyumbani si "unajisikiaje" wala "wamekuambia ufanye nini". Ni "umeitoa wapi hiyo?" Mara nyingine anayeuliza ni mume, mara nyingine ni wifi, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anajiuliza usiku watoto wakishalala. Mimi nasema swali hilo linaua. Linamfanya aifiche karatasi na aache kurudi kliniki, na saratani ambayo ingezuiwa kwa wepesi kuliko saratani karibu zote tunazozijua inapata nafasi ya kukua bila bughudha.

HPV ni ukoo mkubwa wa virusi, aina zaidi ya 200. Baadhi ndizo zinazowaletea watoto wetu chunjua za mikononi na miguuni. Nyingine, kama aina ya 6 na ya 11, huleta masundosundo sehemu za siri, ambayo yanasumbua na kutia haya lakini hayageuki saratani. Za kuogopwa ni kama 14 hivi, na zinazoongoza ni ya 16 na ya 18: hizo mbili peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Zinaambukizwa ngozi ikigusana na ngozi wakati wa kujamiiana, ndiyo maana kondomu inapunguza hatari bila kuimaliza. Na watu wengi mno hukutana nazo. Karibu kila aliyewahi kufanya tendo la ndoa amepita kwenye HPV wakati fulani bila kujua, hata aliyekuwa na mwenzi mmoja tu maisha yake yote.

Hawajui kwa sababu hakuna cha kuwajulisha. Virusi hivi haviingii kwenye damu na kuleta homa. Vinajipenyeza kwenye mikwaruzo midogo isiyoonekana, vinakaa ndani ya seli za tabaka la chini la ngozi laini, na huko vinatulia. Kwa watu tisa hivi kati ya kumi, kinga ya mwili inavimaliza au kuvidhibiti ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache vinabaki. Aina za hatari zikibaki hutengeneza protini mbili, wataalamu wanaziita E6 na E7, ambazo zinazima walinzi wawili wa seli: yule anayeiamuru seli iliyoharibika ife, na yule anayeizuia isigawanyike ovyo. Seli zikikosa walinzi hao huanza kubadilika polepole. Kutoka maambukizi hadi saratani, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, ni kawaida kuchukua miaka 15 hadi 20.

Hiyo miaka 15 hadi 20 naomba isomwe kwa makini, maana ndipo kesi ya ndoa inapoanguka. Mwanamke wa miaka 38 akipimwa leo na kukutwa na HPV, hakuna daktari duniani anayeweza kumwambia ameipata mwezi uliopita au aliipata akiwa na miaka 20, kabla hajamjua huyo mume. Hakuna anayeweza kusema kama ilitoka kwa mume huyohuyo, ambaye naye alikaa nayo bila dalili. Kipimo kinasema virusi vipo. Tarehe hakisemi, wala jina la mtu.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alirudishiwa majibu na mumewe akayaona kwenye mkoba. Akaitwa kikao. Wazee wakaketi, wakauliza maswali ambayo hayakustahili kuulizwa, na ukaenda mwezi mzima watu wanajadili uaminifu wake huku hakuna aliyeuliza tarehe ya kurudi kliniki ni lini. Baadaye alirudi, akatibiwa, yuko salama. Lakini mnajua kama mimi kwamba wako ambao baada ya kikao kama kile hawarudi tena.

Kwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI muda huo ni mfupi zaidi. Hatari yao ya kupata saratani ya mlango wa kizazi ni takriban mara sita ya wengine, na mabadiliko ambayo kwa mwingine yangechukua miaka 15 kwao yanaweza kuchukua mitano hadi kumi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, wakati wengine wanaanza 30. Dada unayekwenda CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kuchukua dawa, uliza kipimo hicho. Usisubiri uambiwe.

Kupima kwenyewe kunaogopwa kuliko kunavyostahili. Njia iliyozoeleka kwenye vituo vyetu ni ya siki: mhudumu anapaka asidi hafifu ya siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, na sehemu zenye seli zilizobadilika zinakuwa nyeupe. Zikionekana, na zikiwa bado hazijafika hatua ya saratani, mara nyingi zinaweza kutibiwa palepale kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea jicho la anayetazama, na macho hayalingani. Kwa hiyo tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza zaidi kipimo cha vinasaba vya HPV. Kipimo hiki mwanamke anaweza kuchukua sampuli mwenyewe, kwa kijiti chenye pamba, chumbani peke yake. Naona hapa ndipo serikali zetu zingeweka nguvu. Wanawake wengi hawaogopi matokeo. Wanaogopa kupanda kitandani na kutandaza miguu mbele ya mtu wasiyemjua, ambaye pengine wanasali naye kanisa moja au mtoto wake anasoma na wa kwao.

Tunaposubiri dalili tumeshachelewa. Damu baada ya tendo la ndoa, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, uchafu wenye harufu usioisha kwa dawa, maumivu ya nyonga: hizo kwa kawaida huja ugonjwa ukiwa umeota mizizi. Wengi wanaofikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road hapa Dar es Salaam wanafika katika hatua za mwisho mwisho, wakiwa wamezunguka kwa waganga, maduka ya dawa na maombi. Kwa makadirio ya 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Ni mama zetu, wengi katika umri wa kulea na kuzalisha mali.

Kuhusu chanjo sina maneno ya kuzungukazunguka: mchanje binti. Tanzania ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaanza nchi nzima 2018, na 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Rwanda ilitutangulia sote mwaka 2011. Na ushahidi wa dozi moja hatukuletewa tu kutoka mbali. Sehemu yake imetoka Mwanza, kwa wasichana wa umri huohuo waliofuatiliwa kinga zao, na Kenya, ambako utafiti uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu ulionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Uskoti, ambako chanjo ilianza 2008, watafiti walitangaza mwaka 2024 kwamba hawakukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hii kati ya wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13.

Uvumi kwamba sindano hii inafunga kizazi nimeusikia sokoni na msibani. Chanjo haina virusi ndani yake. Ina maganda matupu ya protini, bila vinasaba, yanayoufundisha mwili kumtambua adui. Haiwezi kumwambukiza mtu, na mamilioni ya wasichana waliochanjwa duniani wamekua na kuzaa. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, ambayo tiba yake ikichelewa huwa ni kuondoa kizazi au mionzi. Na wanaosema kumchanja mtoto wa miaka tisa ni kumruhusu uasherati nawaomba wafikirie hili: anachanjwa mapema kwa sababu chanjo inazuia, haiponyi. Haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Binti atakayeolewa bikira na kuishi na mume mmoja anaihitaji vilevile, kwa sababu hatujui mume atakuja na nini.

Hapo sasa tuongee na akina baba. HPV haibagui. Kwa wanaume inaleta saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa, na ya koo upande wa nyuma ya ulimi na mafindofindo, hii ya mwisho ikiongezeka sana Ulaya na Marekani. Ila kwa mwanaume hakuna kipimo cha kawaida cha kumchunguza kama kile cha mlango wa kizazi, na kwa hiyo mwanamke ndiye anayebaki na karatasi mkononi. Anaonekana mwenye hatia kwa sababu tu ndiye aliyepimwa. Mwanaume anayempenda mkewe atamsindikiza siku ya kurudi, atakaa kwenye benchi, atauliza dawa na tarehe. Na akivuta sigara, aache: moshi, hata wa mtu mwingine ndani ya nyumba, unahusishwa na hatari zaidi kwa mwanamke mwenye virusi hivi.

Nina ombi moja kwa wanaopanga kampeni za chanjo shuleni. Karatasi inayopelekwa nyumbani kumwarifu mzazi kwamba binti atachanjwa inapita mikononi mwa mama mwenye miaka 32, 36, 41, ambaye mwenyewe hajawahi kupimwa hata mara moja. Ongezeni mistari miwili chini yake. Wa kwanza umwambie kituo gani cha karibu kinapima na siku gani. Wa pili useme wazi, kwa ajili yake na kwa ajili ya baba atakayeisoma, kwamba akikutwa na HPV haina maana kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa.