Maili za ndege na tamaa ya kiti cha mbele

Saa tano usiku, kaunta ya ndege, Dar es Salaam. Aliyenitangulia kwenye foleni ni mzee mstaafu, koti zito mwilini kana kwamba tayari yuko Birmingham, anakokwenda kumwona mwanawe. Akamwambia binti wa kaunta kwamba ana maili za kutosha, zile pointi ambazo shirika humpa msafiri wake, anaomba apandishwe daraja la biashara. Binti akabonyeza kompyuta, akasubiri, akabonyeza tena. "Samahani baba, nauli yako hairuhusu." Maili zilikuwepo. Viti navyo vilikuwepo, maana tulivipita vitupu tukielekea nyuma. Kilichomkwamisha ni herufi moja kwenye tiketi.

Herufi hiyo wasafiri wengi hatuijui. Tunaliona daraja la kawaida kama chumba kimoja, kumbe waliokaa humo wamenunua tiketi za aina nyingi, kila aina na herufi yake. Mwenye nauli kamili, ambayo kwa kawaida huwa Y, anaweza kubadili tarehe, kurudishiwa fedha na kutumia maili kusogea mbele. Mwenye nauli ya ofa mara nyingi hana ruhusa ya hata kimoja. Ndiyo maana ule ubishi wa kila siku, kwamba maili ni bora kupandia daraja au kununulia tiketi nzima, naona unaanzia katikati. Kwanza tuulizane ni tiketi gani iliyo mkononi, na nani aliyeilipia.

Wanaotetea kupanda daraja wana hoja nzito. Ndege ya Kenya Airways ya Nairobi kwenda New York, safari iliyoanza Oktoba 2018, hukaa angani yapata saa 15. Boeing 787-8 yao ina viti 234, na ni 30 tu vinavyolala vikawa kitanda. Mwenye mgongo mbovu, au anayeshuka asubuhi na kwenda moja kwa moja kikaoni, hahitaji kuhubiriwa faida ya kujinyoosha. Kulipia kiti hicho taslimu ni mzigo mwingine: bei yake huweza kuwa mara tatu au nne ya nauli ya kawaida, na wengi wetu tukizishika fedha hizo tunakumbuka kwanza kiwanja na mabati.

Tena maili huoza kama nyanya. Za Skywards, mpango wa Emirates, na za ShebaMiles, mpango wa Ethiopian, zina umri wa miaka mitatu hivi. Zisizooza nazo hupungua thamani: shirika la Delta la Marekani liliondoa jedwali la bei za zawadi zake, yaani tiketi zinazolipiwa kwa maili, mwaka 2015, na tangu hapo bei ni ile utakayoikuta siku unayouliza. Mwaka huohuo Delta na mwenzake United zikaacha kuhesabu umbali na kuanza kuhesabu dola ulizolipa. Jina limebaki maili, lakini umbali haumo tena. Anayezilimbikiza akisubiri safari ya ndoto anaweza kukuta ndoto imepandishwa bei, kwa hiyo anayesema "tumia leo" hasemi ovyo.

Upande wa pili nao wana hesabu zao. Tuseme tiketi ya ofa ni dola 800, na inayoruhusu kupanda daraja ni dola 1,100. Hapo umeshaongeza dola 300 kabla hujatoa maili hata moja. Ukiwa wa orodha ya kusubiri unaweza kufika mlangoni ukaambiwa hakuna nafasi, kwa sababu shirika lingependa kwanza kukiuza kiti hicho kwa fedha, na siku hizi mengine yanawaita abiria walete dau la kukinunua kwa barua pepe siku chache kabla ya safari. Anayeondoka Uingereza kurudi Tanzania au Kenya ana pia kodi ya abiria ya kule: kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026 daraja la chini kabisa lilitozwa paundi 90 kwa umbali huo, na madaraja ya juu yake paundi 216. Umelipia kiti kwa maili, kodi inakudai kama kawaida.

Hoja yao inayonigusa zaidi ni ya nyumbani. Maili za kulala kitandani usiku mmoja zinaweza kumpatia ndugu tiketi nzima ya daraja la kawaida. Msiba ukitokea Muscat au Toronto, nauli ya kesho yake inatisha kuliko ya ofa, na hapo ndipo maili hufaa, ilimradi viti vya zawadi bado vipo. Nimewahi kuona familia ikichangishana usiku kucha, huku mmoja wao ana maili tele kwenye simu na hajui kama zinaweza kutoa tiketi kwa jina la mtu mwingine.

American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa maili, AAdvantage, Mei 1981, ilikuwa shukrani kwa wasafiri wa mara kwa mara. Leo mashirika yanaziuza maili kwa mabenki, na biashara hiyo imekua kuliko mzazi wake. Mwaka 2020, korona ilipozilaza ndege, United iliweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus, ili ikope. Kampuni ilisema mpango huo una thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za kampuni yenyewe wakati ule. Bei ya maili zako inapangwa na anayezitengeneza.

Anayefaidi, basi, ni yule ambaye tiketi yake imelipwa na ofisi. Watu wa semina na warsha tunajuana: ofisi inanunua nauli ghali inayoweza kubadilishwa, maili zinaingia kwa jina la mfanyakazi, na nauli hiyohiyo ndiyo inayoruhusu kupanda daraja. Haki ya maili hizo ni ya nani? Ujerumani mwaka 2002, wanasiasa Gregor Gysi na Cem Özdemir walijiuzulu nyadhifa zao baada ya kubainika kwamba walitumia maili za safari za kikazi kwa mambo yao binafsi. Marekani, miezi michache kabla, sheria iliwaruhusu wafanyakazi wa serikali kuu kubaki na maili zao. Mimi niko upande wa Wajerumani kwa maneno tu. Nilishalala kitandani mara moja, kwa maili za ofisi, na nililala vizuri.

Mle ndani nikakuta nimekaa jirani na yule mzee. Tiketi alikatiwa na mwanawe, kwa ofa. Maili zilikuwa za miaka yake ya mwisho kazini. Akafungua simu, tukaona theluthi yake zinakwisha muda mwezi ujao. Nikamwambia, mzee, hizi ongezea zilizobaki, mkatie mama tiketi akufuate. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, yaani yeye apae na maili zangu, mimi nibaki na huu mgongo?"

Kisha akaniomba nimwonyeshe pa kubonyeza.