Mwenzako akianguka ndani ya tangi, usimfuate

Ukiomba kazi kwenye visima vya mafuta huko Ghuba, cheti cha mafunzo ya H2S, yaani gesi ya sumu ya haidrojeni salfaidi, ni miongoni mwa karatasi za mwanzo utakazodaiwa. Slaidi, video, maswali ya kuweka vema, umemaliza. Sina ugomvi na cheti. Ninachogombana nacho ni darasa linaloeleza kemia kutwa nzima, halafu suala la kumwokoa aliyeanguka linagusiwa dakika za mwisho watu wakiwa wanawaza chakula.

Kemia yenyewe si nyingi hivyo. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini: shimoni, ndani ya tangi, kwenye chemba. Hunuka yai viza, na watu huitegemea harufu hiyo. Kosa. Ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni ya hewa, pua hufa ganzi ndani ya dakika chache, nawe unadhani gesi imeisha. Ikizidi 500 unaweza kuzimia. Kwenye 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha kukuua.

Oktoba 2019 huko Odessa, Texas, mfanyakazi mmoja alikwenda usiku kukagua jengo la pampu bila kuvaa kipima gesi chake, gesi hiyo ikamuua. Alipokawia, mkewe alimfuata na watoto wao wawili garini. Akaingia kumtafuta, naye akafia humo humo. Watoto walinusurika. Tangu 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilishaonya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaofia sehemu finyu za kazi ni waliokwenda kuokoa.

Kwetu habari hizi tunazisikia za visima na mashimo ya vyoo: wa kwanza kazama, wa pili kamfuata, wa tatu kawafuata. Tusiseme ni ujinga. Ukibaki juu ilhali ndugu yako yuko chini, mtaani utatazamwa vipi? Aibu hiyo ina nguvu kuliko slaidi yoyote, na mkufunzi asiyeitaja hajafundisha.

Kwa hiyo mazoezi yafanywe kwa mwili. Wekeni mwanasesere ndani ya tangi, mtu apige kelele, "Juma anakufa, jamani!" Atakayekimbilia tangini bila mtungi wa hewa, amefeli. Aliyekimbia kuelekea upepo unakotoka, akaita msaada, akashika winchi na kumvuta Juma kwa kamba aliyofungwa kabla hajashuka, huyo apewe cheti. Na kipima gesi kifungwe kifuani karibu na pua, kijaribiwe kila asubuhi. Kikiwa mfukoni ni pambo tu, na mwajiri ndiye akinunue, si kibarua.

Vijana wanaozibua chemba mitaani hawadaiwi cheti chochote. Hulipwa kwa shimo, hushuka vifua wazi. Mimi ningeanza na hao, mwanasesere wangu begani, kabla ya kwenda kwa yule wa Ghuba ambaye tayari ana mtungi mgongoni.