Unapiga picha nyumba yetu ya nini?

"Wewe wa manispaa au wa benki?"

Mama aliyeniuliza alikuwa barazani kwake anachagua mchele, ungo mapajani, wala hakuinua kichwa. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, Sinza Kijiweni, napiga picha nyumba ya jirani yake iliyobomolewa ukuta wa mbele ili zipatikane fremu tatu za maduka. Nikamwambia, shikamoo mama, si wa manispaa wala si wa benki, napiga tu. Kila mwaka narudi hapa hapa. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, hakuna mtu anayepiga tu."

Ana haki ya kusema hivyo. Hapa Dar es Salaam, mtu akisimama mbele ya nyumba ya mwenzake na kamera, mara nyingi mwenye nyumba ndiye atakayelipa gharama. Mthamini wa fidia humsimamisha mwenye mali mbele ya ukuta wake, akampiga picha pamoja nao. Afisa mikopo hupiga picha ya dhamana. Dalali naye hupiga akipita, na kufika jioni nyumba inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na bei ambayo mwenyewe hajaitamka. Wakazi wa Kimara hawajasahau 2017, nyumba za kando ya barabara ya Morogoro zilipochorwa X nyekundu na kuangushwa kupisha upanuzi. Leo kuna njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na foleni imepungua kweli. Aliyeyaona hayo, akiona kamera mtaani kwake, atauliza.

Kuna na suala la staha. Picha ya nyumba haiishii kwenye tofali. Inabeba kanga zilizoanikwa, mtoto anayeogeshwa uani, mzee aliyejilaza mkekani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwapo, adabu ya kupiga hodi tuliikuta. Na wako wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba sisi wapiga picha tunalilia baraza kwa sababu hatulali kwenye chumba kinachotazamana na korido. Baraza halijawahi kumlipa mtu kodi. Fremu inampa mwenye nyumba kodi ya miezi sita mkononi, na ada ya shule haisubiri.

Yote hayo nayakubali, na bado kila Januari narudi Kijiweni.

Sababu yangu kubwa ni tarakimu moja: 1863. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya 1964, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka huo. Sasa fikiria. Sultani Majid alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo ya 1860. Yaani mstari wa sheria ulichorwa pale ambapo mji wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza unachimbiwa msingi. Waziri anaweza kuongeza majengo mengine kwa kutangaza kwenye Gazeti la Serikali, na baadhi ya majengo ya katikati ya mji, ya enzi za Wajerumani na Waingereza, yamepata bahati hiyo. Sheria hiyo hiyo inaulinda hata mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940. Mlango! Naufurahia sana mlango huo; anayeipenda pwani lazima aufurahie. Lakini upeleke Sinza uone. Milango yetu ni ya mninga au ya chuma cha kuchomelea kwa fundi wa jirani, ya miaka ya themanini, na hakuna kifungu kitakachoiona hata enzi za wajukuu wa wajukuu wetu. Mtaa ambao familia nyingi za jiji hili zimeishi ndani yake hauna mahali pa kuandikwa.

Na Sinza haikuota tu. Ni zao la mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya sabini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: serikali ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikavuta maji, mwananchi akajijengea kadiri ya mfuko wake. Ndiyo maana nyumba mbili zilizoanza na kiwanja cha aina moja hazifanani. Moja ina vioo vya luva na baraza la sakafu nyekundu, ya pili imeachiwa nondo juu ya paa, ghorofa likisubiri pesa. Kila ukuta ni hesabu ya mtu fulani, mwaka fulani, saruji ikiwa bei fulani.

Wenzangu huniambia kumbukumbu ya mtaa inatunzwa na majina. Panda daladala, sema "Kwa Remmy shusha", umeshamtaja Remmy Ongala, mwanamuziki aliyekuja kutoka Kongo, akaishi hapa na kufariki 2010. Pita Tabata Dampo: jaa la taka halipo tena, ila konda analitaja kutwa nzima, pengine bila kujua kwamba wananchi walilipeleka jiji mahakamani kwa sababu yake na kushinda 1988. Majina ni hazina, sibishi. Lakini jina humkumbuka mtu na kuisahau nyumba. Halikuambii baraza lilikuwa na upana gani, wala watu walikaa wakitazama wapi.

Picha ya setilaiti nayo inaona mabati. Juu ya nyumba niliyoisimulia hapo mwanzo bati halijabadilika, kwa hiyo kwa anayetazama kutoka angani hakuna lililotokea. Chini, kwa miaka sita ya picha zangu, limetokea hivi: kwanza baraza limezungushiwa grili. Mwaka uliofuata grili imeshikwa na kibao cha wakala wa pesa za simu. Kisha ukuta umevunjwa, fremu tatu zikasimama, saluni katikati. Mkungu uliokuwa mbele umekatwa matawi ya upande wa kibao, halafu umekatwa wote. Mama lishe aliyekuwa akipikia kivulini mwake haonekani tena kwenye picha. Hakuna siku ambayo mtu angesema leo nyumba imebadilika. Kwa hiyo yule anayesema picha hizi ni za kulilia yaliyopita, simwelewi: ndizo zinazonionyesha fremu ilivyoleta kodi na ilivyomwondoa mama lishe, yote mawili kwa mpigo.

Tatizo liko kwenye namna ya kupiga. Anayepita na gari, anayepiga na kutokomea, anayeweka nyumba ya mtu mtandaoni na maneno ya kejeli, huyo anastahili swali la yule mama na zaidi. Mimi nimejiwekea kubisha hodi na kumwachia mwenye nyumba nakala iliyosafishwa, yenye tarehe nyuma. Jirani ameitundika ya kwanza ndani ya saluni.

Yule mama alikataa. Nimemwomba mara tatu, kwa adabu, na kila mara anasema nyumba yake imeshapigwa picha ya kutosha, bila kunieleza na nani. Basi picha zangu za pale zote zinakatikia kwenye kona ya ukuta wake. Katika ya Januari hii, kwenye kona hiyo, umeingia ukingo wa lundo la mchanga, na ncha za nondo zilizofungwa kwa waya.