Penfolds: jina limebaki, shamba limekwenda wapi?

Mwaka 1844 daktari Mwingereza, Christopher Rawson Penfold, alihamia Magill, pembezoni mwa Adelaide huko Australia Kusini, pamoja na mkewe Mary. Wakapanda mizabibu, na hapo ikaanza kampuni ya divai ya Penfolds. Divai yao ya mwanzo ilikuwa ya kuwatia nguvu wagonjwa wa daktari, ila aliyesimamia shamba hasa ni Mary, na mumewe alipofariki mwaka 1870 akaendelea nalo kwa miaka mingi.

Leo mwenye mali ni Treasury Wine Estates, kampuni inayouza hisa zake sokoni. Kabla yake walipita watengenezaji wa bia, na hata kampuni iliyoanza na biashara ya meli. Sehemu kubwa ya shamba la Magill iliuzwa miaka ya 1980, zikajengwa nyumba. Zimebaki hekta zipatazo 5. Siku hizi jina la Penfolds liko pia kwenye chupa za divai ya zabibu za California na za China. Wakosoaji wanaona hapo pamebaki nembo tu, na wanakuonyesha Yalumba ya bonde la Barossa, iliyoanzishwa mwaka 1849 na bado iko mikononi mwa familia ileile.

Hoja yao ina uzito, lakini inapwaya mahali pamoja. Grange, mvinyo uliolipa jina hilo heshima yake, haukuwahi kuwa wa shamba moja. Tangu mwaka 1951 ni mchanganyiko wa zabibu za sehemu mbalimbali. Ufundi uko katika kuonja na kuchanganya. Tena China ilipoweka ushuru wa zaidi ya asilimia 170 kwa mvinyo wa Penfolds kutoka Australia, ulioondolewa Machi 2024, kuwa na mashamba nje ya Australia hakukuwa anasa.

Nami naona ubishi wa familia dhidi ya kampuni unakosa shabaha. Max Schubert, mtengenezaji wa mvinyo wa Penfolds aliyebuni Grange baada ya kutembelea Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo huko Ufaransa, aliamriwa na wakuu wake mwaka 1957 aache: mvinyo ule ulikuwa ghali, na waonjaji walikuwa wameuponda. Wakati huo Penfolds ilikuwa bado chini ya familia! Schubert alitii kwa mdomo tu. Mavuno ya 1957, 1958 na 1959 aliyatengeneza kwa siri, bila fedha za mapipa mapya ya mwaloni, akayaficha kwenye maghala ya chini ya ardhi pale Magill. Chupa za awali zilipozidi kukomaa, walioziponda wakabadili kauli, na kufikia mavuno ya 1960 ruhusa ikarudi.

Kwa hiyo kinachonitia shaka kuhusu kampuni ya leo si cheti cha umiliki. Ni hesabu zake, zinazosomwa mbele ya wenye hisa kila baada ya miezi sita, huku kila pipa likiwa na namba kwenye kompyuta. Schubert wa leo angeficha wapi mavuno ya miaka mitatu?