Huu si usaili, ni kufanyishwa kazi

Mpwa wangu ameomba kazi ya masoko kwenye kampuni moja hapa Dar. Wakampigia, wakaisifia CV yake, kisha wakamtumia "kazoezi kadogo": aandae mpango wa matangazo ya mitandaoni ya msimu mzima wa Sabasaba, pamoja na picha, maneno na bajeti. Mwisho wa kutuma, kesho saa nne asubuhi. Kadogo! Tena kwa bidhaa zilezile wanazouza, na Sabasaba yenyewe imeshabisha hodi.

Nikamshauri atume sehemu tu, nyingine wataikuta akishasaini mkataba. "Mjomba, nisipotuma yote atatuma mwingine." Na kweli atatuma. Hapo ndipo wanapotupatia.

Nakubali, shingo upande, kwamba CV siku hizi zinadanganya. Kuna watu wananakili hadi makosa ya tahajia ya wenzao. Basi mwiteni ofisini, mpeni sabuni ya kubuni aiandikie tangazo ndani ya saa moja, mtamjua. Na kama saa moja haitoshi, sheria imeshawabeba waajiri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 35, inamwacha nje ya ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi asiyefikisha miezi 6. Miezi sita ya kumtazama mtu akifanya kazi! Ila kumbe miezi hiyo ina mshahara, ndiyo maana hawaitaki.

Bando na laptopu ya kuazima sivitaji.

Bosi huyohuyo akitaka geti la nyumbani, fundi wa kuchomelea hanunui hata bomba moja kabla ya advansi. Na bosi anatoa, halalamiki. Mwenye digrii ndiye wa kukesha bure.

Najua mtaniambia kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kwamba kazi ya mtu asiye mwajiriwa wao ni yake. Sawa. Nani ataenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuwashtaki watu ambao bado anasubiri simu yao?

Maafisa utumishi mnaonisoma, andikeni kwenye tangazo la kazi: zoezi litachukua saa ngapi, litalipwa shilingi ngapi, na mkimkataa mtu kazi yake hamtaitumia. Mkishindwa, tangazeni zabuni kama wengine, tuwaletee bei na ankara.